Chanzo chako ni babu? Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili tubishane hapa

Mwalimu wa Chuno

Habari wakuu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, naomba tulijadili bila matusi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini. Usiku, madaftari ya wanafunzi yakishasahihishwa, nahariri Wikipedia ya Kiswahili. Silipwi na mtu. Bando langu, simu yangu, macho yangu. Kwa asiyejua, kamusi elezo hii iko wazi kwa kila mtu: unabonyeza "Hariri", unaandika, unahifadhi, na kila ulichogusa kinabaki kwenye historia ya ukurasa. Ya Kiswahili ilianza 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Zote zimeandikwa na watu kama mimi na wewe.

Likizo ya Juni nilikwenda ukweni, upande wa Mtama, mkoani Lindi. Mjomba wa mke wangu akanipitisha nyuma ya mikorosho yake akanionesha tuta la udongo, refu, limenyooka kama limepigwa rula, nyasi zimelifunika. Akasema, "Hapa ndipo gari moshi lilipopita." Ni ile reli ya Kusini waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi wenyewe ulianza 1947, ukavunjwa 1951, na reli nayo haikudumu. Zizi la mbuzi la mzee huyu limesimama kwa mataruma mawili ya chuma. Baba yake alikuwa kibarua kwenye hilo tuta. Akanisimulia wenzake walitoka wapi, walilala wapi, nani aliangukiwa na kifusi.

Nikarudi, nikaandika aya moja na kuweka picha ya tuta. Kesho yake aya haipo. Sababu iliyoandikwa: "Hakuna chanzo." Nikaenda ukurasa wa majadiliano nikaeleza kwamba chanzo ni mzee mwenyewe, yupo hai. Nikajibiwa kuwa masimulizi ya mtu mmoja hayathibitiki.

Basi swali langu ni hili: masimulizi ya wazee yahesabike kuwa chanzo au yasihesabike? Na kama hayahesabiki, sisi huku tunajitolea kwa ajili ya nani?

Mchuuzi wa Pweza

Mwalimu umeanza vizuri ukamalizia na kilio. Mimi nasoma tu hizo Wikipedia, siandiki, ila nauliza: huyo mjomba ana miaka mingapi? Maana baba yangu anasema aliwahi kuvua papa mwenye ukubwa wa Fuso, na kila Idi papa anaongezeka.

Mwana Mitwero

Nianze kwa kukiri. Aliyefuta ni mimi. Salamu sana Mwalimu, nipo hapa Lindi, na sikufuta kwa chuki. Picha yako nimeiacha, kaangalie.

Naomba unisikilize. Kuna mtu aliwahi kuniandikia kwamba neno "machinga" linatokana na Kiingereza, "marching guys", eti vijana wanaotembea barabarani. Nikamuuliza chanzo. "Aliniambia babu." Sasa mimi babu yangu ni Mmachinga. Wa kabila, siyo wa biashara. Kabila lipo hapa Lindi, watu wake walitangulia kwenda Dar es Salaam kuchuuza mpaka jina la kabila likageuka jina la kazi. Yule bwana nikimfuta anarudisha, nikimfuta anarudisha. Wiki nzima. Nilichokuwa nacho mkononi ni kanuni moja tu: leta kilichoandikwa mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kukisoma. Nikimpokea babu yako, babu yake namzuia kwa lipi?

Binti Mikindani

Mwana Mitwero, kaka yangu, hoja yako nzuri, ila umeirukia haraka. Unasema "kilichoandikwa". Kusini hii kimeandikwa na nani?

Chukua Tendaguru, hapo hapo kwenu Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, na dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Waliochimba ni mamia ya watu wa huku, na mizigo ilibebwa kichwani na begani hadi pwani ya Lindi. Tunalijua jina la msimamizi wao, Boheti bin Amrani, kwa sababu Wajerumani waliliandika. Hao mamia wengine wamekwenda na majina yao. Leo mjukuu wa mmoja wao akija na kisa cha babu yake tunamwambia hathibitiki, lakini karani wa Kijerumani aliyeandika "wapagazi kadhaa" yeye anathibitika. Daftari la mishahara nalo ni masimulizi ya mtu. Tofauti lina muhuri.

Na wala si jambo geni. Mwaka 2011 lilifanyika jaribio India na Afrika Kusini: wahariri walirekodi wazee na mafundi wakieleza kazi na michezo yao, sauti zikawekwa wazi mtandaoni, makala zikanukuu sauti zile. Hawakukubaliana wote, lakini walijaribu. Sisi tumejaribu nini?

Kijana wa Chikongola

Mnabishana juu ya chumvi na mboga haijanunuliwa. Tatizo ni watu. Tuko wangapi tunaohariri kutoka mikoa hii miwili? Mimi nawajua wanne, na mmoja ameoa, hivyo watatu.

Niliwahi kuitwa kwenye semina, sitaji nani aliandaa. Soda, chapati, nauli ya kurudi, na zawadi ya simu kwa atakayeandika makala nyingi kuliko wote. Wakuu, watu walipiga kazi! Walikuwa wanachukua Kiingereza, wanatia kwenye mashine ya kutafsiri, wanabandika. Nilisoma makala ya mchezaji mpira aliyekuwa "amepiga risasi tatu dakika ya tisini na kuua mchezo". Mlinda mlango nikamwonea huruma. Jumatatu yake hakuna aliyerudi kusahihisha hata nukta. Na msidhani ni sisi tu, hata lile shindano la Google la 2009 na 2010 kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania lilileta makala kibao, zawadi zikaisha, na waandishi wengi wakaisha nazo.

Mwalimu angalau analia kwa sababu anarudi kuangalia.

Mwana Mitwero

Kijana umegusa ninapoumwa. Fungua kata yoyote ya Mtwara au Lindi. Utakuta mistari miwili: ni kata ya wilaya fulani, katika sensa ya 2012 ilikuwa na wakazi kadhaa, halafu lile tangazo la "makala hii bado ni mbegu". Mbegu miaka yote, haioti. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Lindi na watu 864,652. Ya 2022 ikaukuta na 1,194,028. Namba za kata kwa kata zimetoka, zimechapwa, ni za serikali, hazihitaji babu wala nyanya. Nani amekaa akazibadilisha? Mimi nimefanya za wilaya moja, na mke wangu alianza kuniuliza huyo "Sensa" ni nani.

Ndiyo maana huwa mkali. Muda wangu ni saa moja kwa siku. Nusu yake inakwenda kuondoa matusi na majina ya wanafunzi wanaojiandika kuwa wafalme wa kata.

Bi Somo

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ananisomea haya na kuniandikia.

Nimesikia mnasema wazee wawe chanzo. Hamjaniuliza kama mimi nataka. Nimewacheza wari, wasichana wanaoingia unyagoni, miaka zaidi ya thelathini, Newala na vijiji vyake. Juzi mjukuu akanionesha mambo ya unyago yameandikwa kwenye simu, mengine ya uongo, mengine ya kweli ambayo hayakupaswa kutoka nje. Nikauliza nani kayasema. Akaniambia yule Mjerumani, Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akiandika na kupiga picha hata kwenye ngoma za wasichana. Kumbe yeye aliyechungulia ndiye shahidi, na mimi niliyekuwa ndani si kitu.

Lakini msinitetee. Akija mtu na kinasa sauti kuniuliza ya unyago, nitampa maji ya kunywa na kumwonesha njia. Ya mapishi ya ming'oko nitasema. Ya nyimbo za kupura mtama nitasema. Ya ndani yatabaki ndani.

Mwalimu wa Chuno

Shikamoo Bi Somo. Umenifunga mdomo kwa sehemu kubwa. Mjomba sikumwomba ruhusa. Nilimsikiliza nikala korosho zake, nikaondoka na maneno yake.

Bi Somo

Marahaba mwanangu. Basi kamwombe.

Mchuuzi wa Pweza

Mimi nisiye mhariri niwape la mtaani. Kiwanja changu cha Magomeni kiliwahi kuingia mgogoro. Tulikwenda baraza la kata. Walisikilizwa wazee wawili, hakuna karatasi hata moja. Ila hawakusikilizwa hivi hivi: mzee anasema mpaka ni mwembe, upande wa pili unamuuliza mwembe upi, uliopandwa na nani, wewe ulikuwa unaishi wapi wakati huo. Wa kwanza alijikanyaga kwenye swali la tatu. Wa pili tulikwenda naye hadi kwenye kisiki. Kwa hiyo neno la mzee linapokelewa, ila linaulizwa na linatembelewa. Nyie wenye kompyuta mnapokea au mnafuta tu, katikati hapana?

Binti Mikindani

Huyu muuza pweza apewe ukabidhi leo leo. (Wakabidhi ndio wale wahariri wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kufungia watumiaji, kwa wasiofahamu.)

Niongeze moja, halafu nakwenda darasani. Hizi programu za akili mnemba ambazo wadogo zetu wanaziuliza maswali ya mitihani zimesomeshwa Wikipedia pia. Kama humo Mtama ina mistari miwili, nayo itajibu mistari miwili, au itatunga.

Mwana Mitwero

Pendekezo. Mwalimu arekodi wazee, aandike kijitabu, nakala iende maktaba ya mkoa. Kikishachapwa, tunakinukuu.

Mchuuzi wa Pweza

Yaani babu akisema hakubaliki, babu huyohuyo akipigwa chapa kwenye steshenari ya pale stendi anakubalika? Haya.

Mwana Mitwero

Unacheka, lakini kitu kikichapwa kina jina la mtu wa kuulizwa, na tarehe. Najua si dawa. Hata magazeti huwa yanachukua sentensi kwetu bila kusema, kisha mtu anakuja kututhibitishia kwa gazeti hilohilo. Nimewahi kukuta kosa langu mwenyewe limerudi nyumbani limevaa suti.

Mwalimu wa Chuno

Nimefuata ushauri wa Bi Somo, na wa baraza la kata. Jioni hii nimempigia mjomba. Ruhusa ametoa, tena anauliza picha yake mbona haipo, lipo tuta tu.

Nikamuuliza reli iling'olewa lini. Akajibu bila kusita, "Mwaka uleule wa Uhuru." Nikasikia sauti nyingine nyuma, jirani yake, "Mwongo! Mimi nimeipanda nikiwa nimeshaoa, na nimeoa Uhuru umeshapita." Mjomba akamwambia hakuwahi kupanda, aliikimbilia tu kwa miguu akaanguka. Yule akasema kovu analo gotini, wakalitazame. Wakawa wanabishana wao kwa wao, mimi nimeshika simu, salio likakata.

Kwa hiyo Mwana Mitwero, kwa upande wa mwaka, ulikuwa sahihi kunifuta. Nimeudhika kukiri hili kuliko unavyofikiri. Lakini sasa ninao wazee wawili wanaopingana na kovu moja, na hilo nalo sitaki lipotee.

Mwana Mitwero

Mwalimu, usiuandike mwaka. Mwaka tutautafuta kwenye nyaraka, upo tu mahali. Tuta lipo na picha ipo. Vibarua na walikotoka tuweke hivi: "Wenyeji husimulia kwamba", kisha tuseme ni wenyeji wa kijiji gani na sauti ilirekodiwa lini. Atakayetaka kupinga ajue anampinga nani. Rekodi ipakiwe kwa leseni huria, na mzee aelezwe kabla maana yake, kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuitumia mradi ataje ilikotoka. Akikataa, basi.

Mimi nipo tayari kuja Mtama Jumamosi. Lindi kwenda Mtama si mbali, nauli najitegemea.

Kijana wa Chikongola

Nani anakuja na kinasa sauti? Simu yangu kioo kimepasuka ila maiki nzima. Na mjomba wa watu atakuwa na korosho?

Mwalimu wa Chuno

Zipo. Kuhusu aya, nimeirudisha kama alivyoelekeza Mwana Mitwero, mwaka nimeutoa, "wenyeji husimulia" nimeweka, na kwenye majadiliano nimeeleza kwamba sauti inakuja baada ya Jumamosi.

Mwalimu wa Chuno

Imefutwa tena. Haikumaliza robo saa. Mwana Mitwero?

Mwana Mitwero

Siyo mimi safari hii. Nilikuwa nakula. Subiri niangalie historia ya ukurasa.