Familia Erie 🍇 Zabibu za Jumamosi

Da Vicky: Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunaenda North East kuchuma zabibu za Concord. Kila nyumba paundi 40, zinatosha galoni 5 za divai. Nataka majina LEO.

Da Vicky: Ndoo iwe ya chakula, ya galoni 7 au zaidi. Iliyowahi kubeba rangi ya ukuta sitaki kuiona.

Kelvin: North East ipi anti, ya New York?

Shemeji Frank: Mji unaitwa North East, uko kaskazini magharibi ya Pennsylvania. Waliokuja na dira walikuwa wamelewa 😂

Da Vicky: Frank nikuandike au nisikuandike?

Da Vicky: Watu 19 mmesoma. Mmejibu wawili, tena utani.

Mama Joy: Mimi nipo. Ila ya mwaka jana ilikuwa kali kama siki.

Da Vicky: Ile si siki, ni asidi ya Concord yenyewe, ndiyo maana tunatia maji. Paundi 40 zinatoa juisi galoni 3 hivi. Ongeza maji galoni 2 kasoro. Sukari anza na paundi 5, koroga mpaka iyeyuke yote, halafu tumbukiza haidromita, kile kipimo cha sukari. Tunatafuta 1.088. Ikisoma chini, ongeza kidogo kidogo. Hapo divai itaishia kileo asilimia 12.

Ombeni: Na blenda hapana. Mbegu ikipasuka divai inakuwa chungu na haina dawa. Ponda kwa mkono, ganda la Concord linachomoka lenyewe. Vikonyo vyote vitoke.

Shemeji Frank: Msesewe, lile gome la pombe yetu ya mbege, unaingia siku ya ngapi?

Aika: Na ulezi 😂😂

Mama Joy: Kwani hatuchemshi kwanza, kama ndizi za mbege?

Ombeni: Hapana mama Joy! Concord ina pektini nyingi, ukichemsha divai inabaki na ukungu. Ponda, weka vidonge 5 vya Campden, dawa ya kuua vijidudu, kimoja kila galoni, visagwe unga. Funika kitambaa, siyo mfuniko. Baada ya masaa 12, kimeng'enya cha kuvunja pektini vijiko vya chai 2 na nusu. Masaa 24 yakitimia ndiyo hamira ya divai, paketi moja ya aina ya 71B. Hiyo inakula sehemu ya asidi. Hamira ya mkate achaneni nayo, haitulii chini, kila ukihamisha divai inapanda tena.

Da Vicky: Asante Ombeni. Maganda yatapanda juu, yazamisheni asubuhi na jioni. Yakikauka pale juu ndipo siki inapoanzia. Siku ya 5 mpaka ya 7, ikisoma 1.020, tunakamua. Kikamulio kiko kwa nani?

Da Vicky: Nauliza kikamulio.

Shangazi Ndeshi: Kikamulio ni changu. Kilirudi na maganda yameganda kwenye mbao. Na dumu langu la kioo halikurudi kabisa. Nimenyamaza.

Kelvin: uwiii dumu

Mama Joy: Kelvin acha.

Shemeji Frank: Dumu si lilishaongelewa jamani

Shangazi Ndeshi: Liliongelewa na nani?

Da Vicky: Shangazi pole, nitakuja mwenyewe. Ila madumu ni lazima, divai ikishakamuliwa haikai kwenye ndoo wazi. Nawaza hivi: tuuze chupa chache kwenye sherehe ya mavuno, dola 10 kila moja, tununue madumu mapya. Watu wawili wameshatanguliza.

Aika: Da Vicky, sheria ya hapa ni galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Ya kunywa. Kuuza bila leseni hapana.

Da Vicky: Tutaita mchango.

Babu Marangu: Nimesoma yote. Divai ya ukoo haiuzwi. Vicky rudisha hela za watu. Na dumu la Ndeshi linunuliwe kabla hamjachuma hata kichala kimoja.

Da Vicky: Shikamoo babu. Sawa babu.

Kelvin: Shikamoo babu

Shemeji Frank: Shikamoo mzee.

Babu Marangu: Marahaba. Frank, umesoma?

Shemeji Frank: Nimesoma mzee.

Mama Joy: Kwa hiyo Jumamosi ipo au haipo?

Ombeni: Wanaopenda tamu: msiongeze sukari kabla ya potasiamu sorbate, dawa ya kuzuia hamira isizaliane, nusu kijiko cha chai kila galoni, pamoja na Campden, divai ikishatulia na kung'aa. Bila hivyo inachacha upya ndani ya chupa na chupa zinapasuka. Na Januari wekeni dumu gereji wiki 3, baridi itashusha fuwele za asidi na ukali utapungua.

Da Vicky: Jumamosi ipo. Saa 3 asubuhi. Frank, dumu?

Shemeji Frank: Galoni 5 au 6?

Shangazi Ndeshi: 6. Lile lilikuwa 6.

Ombeni: Kwa divai galoni 5, la 5 ni bora. La 6 linaacha hewa juu, divai inaharibika.

Shangazi Ndeshi: Ombeni sikukuuliza.

Baba Gloria: Habari za asubuhi familia, ndo naona. Tunachuma nini?