Nimekaa Bremen miaka miwili ndo nimegundua sijawahi kuingia makumbusho ya Kalenga, naombeni ushauri

Mtu wa Kidamali
Kamwene wakuu. Kwetu ni Kidamali, Iringa, Kalenga nimepita na daladala tangu naenda shule na sijawahi kushuka hata mara moja. Nikaenda Ujerumani kusoma, mji wa Bremen, siku moja jamaa tunasoma wote ananiuliza umetokea wapi Tanzania, namwambia Iringa, akasema aah, fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilikuwa hapa hapa kwetu. Akaanza kuuliza mmelihifadhije, watu wanaenda kuliona, mimi kimya, sina jibu. Mjukuu wa Kalenga nimekosa jibu mbele ya Mjerumani!

Usiku ule sikulala nikawa nasoma tu. Kumbe habari ya kulirudisha iliandikwa kwenye mkataba wa Versailles 1919, ikapita miaka 35 nzima ndo gavana wa Kiingereza Twining akalikabidhi kwa chifu Adam Sapi mwezi Juni 1954, likawekwa hapo Kalenga, huyo huyo Adam Sapi aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Nililia wakuu, sifichi.

Sasa nimerudi, nina siku kumi za likizo Desemba hii. Nataka nimpeleke baba yangu (ana miaka 71, naye hajawahi kuingia) na kijana wangu wa darasa la sita ambaye kila siku wimbo wake ni Ulaya, Ulaya. Nianzie wapi? Na huyu mtoto nimwambieje asione namlazimisha?

Binti Tukuyu
Pole na hongera kaka. Mimi nilifanya kazi Glasgow, wenzangu kazini wikiendi wanafunga safari kwenda kutembea milimani kwenye ukungu na mvua, wanarudi wamefurahi, nami nimekulia kwenye ukungu wa Tukuyu nikiuona ni adha tu ya kuanika nguo. Niliporudi ndo nikapanda mlima Ngozi kuliona lile ziwa la kule juu, na nilikuwa na miaka 34. Mtoto usimseme Ulaya vibaya, atakuona muongo. Mwambie yule Mjerumani alikuuliza nini ukashindwa kujibu, halafu mwache yeye akatafute majibu. Na kama siku zinatosha fikeni hifadhi ya Kitulo, Desemba maua yanaanza, ila barabara ikinyesha ni utelezi, msiende na gari dogo.

Ipogolo boy
Mi naomba nitofautiane kidogo. Ukiwa umetoka nje kila kitu cha nyumbani kinang'aa kwa mwezi mmoja, kaa mwaka maji yakatike ndo tuongee. Mapenzi ya likizo tu hayatoshi mkuu, ukienda Kalenga lipa kiingilio, chukua mwongozaji, umlipe vizuri, na mwakani urudi tena.

Mama Kihesa
@Ipogolo boy kweli kabisa, ila mwache kwanza mwenzio aanze.
Mwanangu, mzee wa 71 usimchoshe. Siku ya kwanza Kalenga peke yake, muanze asubuhi mkae mnaongea, wazee wetu wakifika pale huwa wanakumbuka mambo ambayo hawajawahi kuyasema nyumbani, rekodi kwa simu. Isimila ni siku nyingine, ipo barabara ya kwenda Mbeya kama kilomita 20 hivi, zile nguzo za udongo mtoto atazipenda, ila kule bondeni jua ni kali na kuna kushuka na kupanda, mzee akae juu kivulini. Mlambalasi kwenye kaburi la Mkwawa ni mbali, ulizeni usafiri hapo hapo Kalenga.

Mtu wa Kidamali
Asanteni sana, asante mama, @Ipogolo boy nimekusikia na umenigusa. Nimempa kijana yale maswali ya Mjerumani jana usiku, leo asubuhi kaniuliza mbona Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikubali kukamatwa, nikamwambia kamuulize babu. Wameongea hadi chai imepoa. Jumamosi tunaanza Kalenga, mzee ameshatoa koti lake la harusi lipigwe pasi.