Tupeane uzoefu: Ulifungua historia ya kivinjari kwenye simu ukakuta nini?

FundiWaMbuyuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina kimeza cha kutengeneza simu hapa Moshi, upande wa soko la Mbuyuni. Kazi yangu ni vioo, betri na tundu za chaji, lakini haipiti wiki bila mtu kuniletea simu ambayo si yake na kuninong'oneza, "Fundi, nitolee alichokuwa anatazama huyu." Huwa nairudisha. Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa, na sina hamu ya kwenda kujieleza kituoni. Pili, wengi hata wakikiona hawakielewi. Historia haikai kwenye simu tu, inafuata akaunti. Akaunti moja ya Google ikiwa kwenye simu tatu na imeruhusiwa kusawazisha (kila simu ipate yaliyo kwenye nyingine), mambo ya watu watatu yanachanganyika humo, halafu anayegombezwa ni yule mmoja aliye karibu.

Kwa wasiojua: Chrome, nukta tatu juu kulia, kisha Historia. Kwenye Safari ya iPhone gusa alama ya kitabu, halafu ya saa. Opera Mini na vile vivinjari vinavyokuja na simu navyo vina historia yao, kwa hiyo usiangalie kimoja ukadhani umemaliza.

Haya, leteni visa. Simu yako mwenyewe, au ya mtoto unayemlea. Anayetafuta mbinu za kumchunguza mwenza wake, uzi huu si wake.

MshikaNjia_Lemosho

Mimi naongoza wageni mlimani. Historia imeniokoa kwenye mtihani wa huduma ya kwanza. Nilikuwa nimesoma ukurasa mzuri sana kuhusu maji kujaa kwenye mapafu ukiwa juu, nikaufunga, jina la tovuti likanipotea. Nikaingia kwenye historia, nikaandika kila neno nililolikumbuka, hakuna kitu. Baadaye nikagundua kwamba pale kwenye kutafuta inaangalia kichwa cha ukurasa na anwani yake tu, maneno ya ndani haiyasomi. Nikaacha kutafuta neno, nikatafuta siku. Nilikumbuka niliusoma jioni tuliyoshuka Mweka, tukisubiri gari. Nikateremka hadi tarehe ile, ukurasa huo hapo.

Nilibonyeza mshale wa kupakua nikauhifadhi kabisa, maana huko juu mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Kitenge_Kiboriloni

Kumbe ni kichwa tu! Nimetafuta mshono wa gauni la kipaimara kwa jina la kitambaa mpaka nikalala.

MkaziWaSakina

Yangu ndefu kidogo, mnivumilie. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Kibosho. Mimi niko Arusha, Sakina. Niliponunua simu mpya, ya zamani nilimpa yeye, na akaunti yangu ikabaki humo kwa sababu hakutaka kusikia habari ya kufungua barua pepe. "Mimi nataka WhatsApp na redio," ndivyo alivyosema.

Jioni moja nilikuwa natafuta ukurasa wa bei za mabati niliousoma mchana. Kwenye shughuli za akaunti yangu nikakuta maneno ambayo si yangu. Mama haandiki, anabonyeza kipaza sauti anazungumza, na Google inaweka Kiswahili chake chote alivyokitamka, pamoja na adabu zake: "Tafadhali naomba kujua kifua kubana wakati wa kupanda kilima ni nini." Chini yake: "Miguu kuvimba jioni kwa mtu mzima." Chini yake tena: "KCMC kliniki ya moyo ni siku gani." Saa zilizoandikwa pembeni zilikuwa za usiku wa manane. Na Jumapili yake nilikuwa nimempigia akaniambia hajambo, migomba imezaa, mvua ni nzuri.

Kesho yake nikapanda gari la Moshi. Sikumwambia nimeona nini. Nilimwambia nakwenda KCMC kupima macho, anisindikize, na tukiwa huko naye apimwe presha. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba hawakuturuhusu kuondoka kabla hajaonwa na daktari wa moyo. Sasa anatumia dawa, kanisani anapanda mwenyewe bila kusimama njiani.

Ila hajui nilijuaje. Na akaunti bado ni ileile, kwa hiyo kila nikifungua historia yangu nasoma na ya kwake. Naogopa kuitoa, maana ndiyo inayonipa habari za kweli. Simu akipokea ni "sijambo mwanangu" tu. Ninyi mngefanyaje?

Dada_Rau

Kaka, mwambie. Kakuzaa huyo, hatanuna zaidi ya nusu saa. Akija kuambiwa na mjukuu ndipo utatafuta pa kujificha.

MzeeWaPasua

Mimi ni rika la mama yako, nami nasema usimwambie. Mfungulie akaunti yake, sema ile ya zamani imejaa. Kuna mambo wazee tunaiuliza simu kwa sababu hatutaki kuwauliza ninyi, na kesho atauliza jingine lisilokuhusu. Ukitaka habari za kweli, nenda Kibosho ukakae naye mpaka chai ipoe. Kwenye simu hata mimi sijambo siku zote.

FundiWaMbuyuni

Shikamoo mzee wangu, umenimalizia maneno. MkaziWaSakina, akaunti unaweza kuitoa hata ukiwa hukohuko: ingia Akaunti ya Google, Usalama, kisha vifaa vyako, chagua ile simu, iondoe. Lakini usifanye kabla ya kuhamisha majina! Kama namba za watu zimehifadhiwa kwenye akaunti yako, zinaweza kutoweka kwenye simu ya mama, halafu akitaka kukugombeza hatakuwa na namba ya kukupata.

MamaWawili_Njiro

Mwanangu yuko kidato cha pili, likizo namwachia simu. Kila jioni historia tupu. Bando la wiki linaisha kwa siku mbili, halafu kivinjari hakina hata ukurasa mmoja! Baba yake akataka kumnyang'anya. Nikamkalisha mtoto peke yetu, nikamwambia sijali ulichofuta, niambie tu kwa nini unafuta. Akachelewa kujibu, kisha akasema: sauti inakatika, chunusi, na mambo mengine ya kiume ambayo hataki mama ayaone. Nikampigia mjomba wake. Siku hizi wanaongea wenyewe, mimi nimetolewa kikaoni.

Mdogo wake ana miaka tisa, huyo nimemwekea Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Kwenye akaunti ya mtoto hali fiche (incognito, ile isiyoandika historia) haifunguki kabisa, na tovuti naweza kuzizuia. Kwa umri huo sawa. Kwa kijana mkubwa, mimi naona historia isitumike kumkamata, ikupe tu mahali pa kuanzia mazungumzo.

ChaliiWaNgarenaro

Oya, mimi jamaa aliniletea simu pale karibu na stendi ya Arusha, bei ya chini mpaka inatia shaka. Kabla ya kutoa hela nikafungua kivinjari. Swali lilikuwa moja, limeulizwa kwa kila namna: "jinsi ya kuondoa akaunti ya Google bila nywila." Nikamwambia ngoja nikatoe hela kwa wakala. Ananingoja mpaka leo.

FundiWaMbuyuni

😂 Umepona. Simu kama hiyo ukiifuta yote ianze upya, ikiwaka inadai akaunti ya mwenyewe. Wanakuja kwangu wakilia na boksi hawana, risiti hawana.

Waya_na_Antena

Niongeze kwa wanaojivunia ile hali fiche ya kofia na miwani. Inachozuia ni simu yako kuandika historia na kubaki na vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti hukukumbuka navyo) ukishafunga vichupo. Wi-Fi ya ofisini na kampuni ya laini bado wanaona jina la tovuti uliyoingia, ingawa tovuti ikiwa na kufuli ya https hawaoni ukurasa gani hasa. Ulichopakua kinabaki kwenye faili zako. Huko Marekani Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa jambo hili hili, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya rekodi za watu waliodhani hawaonekani.

Jingine: Chrome kwenye simu inatunza historia ya siku 90, basi. Lakini kwenye akaunti kuna rekodi nyingine, myactivity.google.com, na hiyo ina mpangilio wake: ijifute baada ya miezi 3, 18 au 36. Mtu anafuta kwenye kivinjari, anasahau kuchungulia huku. Pia si lazima ufute yote mpaka mtu aanze kukutilia shaka. Bonyeza ukurasa mmoja, ufute huohuo.

Neema_USA_River

Jamani mbona mimi kwenye iPhone kile kitufe cha kufuta historia kimefifia, hakibonyezeki? Nimezima simu na kuwasha, bado.

Waya_na_Antena

Mara nyingi ni vizuizi vya maudhui, vipo kwenye mipangilio ya Screen Time, sehemu ya iPhone ya kuweka mipaka ya matumizi. Vikiwashwa kufuta kunafungwa, na hali ya faragha ya Safari inatoweka. Vina namba yake ya siri, tofauti na ya kufungulia simu. Wewe uliviweka?

Neema_USA_River

Sikuweka mimi. Simu nilipewa zawadi, nikaikuta imeshawashwa na kila kitu kimepangwa.

Waya_na_Antena

Zawadi ya nani, dada?

Neema_USA_River

Mchumba.

Dada_Rau

Ehe! Neema, njoo inbox.