Dalali anataka kuniletea vibarua wa kulala stoo, na kwenye nyumba tunayotoa vitu kuna binti. Nifanyeje?

BiStoo_Ngamiani

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu zangu.

Niko Tanga mjini. Kazi yangu ni kutoa vitu kwenye nyumba: mtu amefariki na warithi wako Dar, au nyumba imeuzwa na mnunuzi anaitaka tupu. Tunapatana bei, naleta lori la Kenta na vijana, tunatoa makabati, vitanda vya mninga, majokofu, masufuria ya shughuli, hadi mabati ya banda la uani. Vinavyofaa vinaingia stoo kuuzwa, chuma kinakwenda kwa wanunuzi wa skrepa, uchafu dampo.

Sasa kazi zimeongezeka, na kuna dalali kanifuata. Anasema atanipa vijana sita kutoka vijijini. Masharti yake: walale stoo kwangu, hela yao nimkabidhi yeye kila Jumamosi, na vitambulisho vyao anavishika yeye wasije wakatoroka, kwa kuwa kawagharamia nauli na chakula na anawadai. Nikamuuliza, deni lenyewe kiasi gani? Akajibu, "Hilo niachie mimi."

Babu yangu aliletwa Tanga kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, mashamba ya mkonge, kazi yake ikihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku za kazi, na hakurudi kwao hadi anakufa. Siwezi kuwaweka vijana wa watu katika hali ile stoo kwangu.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki ijayo tuna nyumba Chumbageni. Nilipokwenda kukadiria bei nilimkuta binti jikoni anasugua masufuria, na nyumba haina mtu mwingine. Bi mkubwa aliyekuwa akimtumikia amefariki. Anasema ana miaka 16, aliletwa kutoka Kilindi akiwa na 12, na siku zote akiambiwa mshahara wake "unatunzwa". Godoro lake limekunjwa nyuma ya mlango, juu yake mfuko wa rambo wenye nguo. Mrithi akaniambia, "Vitu vyote vya chini ni vyako. Huyu tutampeleka Dar kwa dada, naye anatafuta mtu." Kayasema hayo binti yuko palepale, wala hakumuuliza.

Nianzie wapi?

Mkaguzi Mstaafu

Dada, huyo dalali mkatalie leo, tena usimwachie nafasi ya kurudi na bei nyingine.

Kazi ya kulazimishwa inakatazwa na Katiba, ibara ya 25, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 6. Juu yake ipo Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Wengi hujitetea kwamba kijana alikubali mwenyewe. Kama alidanganywa au alifungwa kwa deni, kukubali kwake hakumwokoi aliyemleta, na wewe unayempokea huku unajua umo.

Hata deni la halali lina mpaka. Kijana akivunja kitu kwa uzembe, huwezi kukata utakavyo: kosa lithibitike kwa utaratibu wa haki, kisha makato yasizidi robo ya mshahara wake. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Na kubeba makabati ngazini si kazi ya mtoto, kwa hiyo hakikisha umri kabla ya kumpandisha mtu kwenye gari.

Kuhusu binti: sheria hairuhusu kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na yeye alianza na 12. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa Jiji, au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Nenda kabla hajasafirishwa. Nakuomba sana, usimchukue kwako kimyakimya hata kwa huruma. Mambo yakigeuka utaonekana wewe ndiye uliyemchukua.

Utingo wa Zamani

Mimi nililetwa mjini namna hiyohiyo. Nauli iliyoanza kidogo haikuisha kulipwa. Kioo cha kabati kikipasuka, deni linapanda. Ukiumwa na kulala, linapanda. Na daftari analo yeye, wewe hulioni. Siku nilipotaka kuondoka, kitambulisho kilikuwa kwake.

Mama, fanya hivi. Mlipe kila mtu kwenye simu yake mwenyewe, na uhakikishe laini imesajiliwa kwa jina lake, si la nyapara. Kitambulisho kiangalie, nakili namba, mrudishie hapohapo mkononi. Halafu zungumza naye nyapara akiwa hayupo. Mbele yake hutasikia lolote zaidi ya "niko sawa mama". Muulize analala wapi, anadaiwa na nani, lini mara ya mwisho kazungumza na nyumbani. Akianza kutazama mlango kabla ya kujibu, ujue.

Mtanga_Leicester

Huku Uingereza ipo sheria ya utumwa mamboleo ya 2015. Kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi lazima itoe taarifa ya hatua inazochukua. Wa gari mbili tatu hawalazimishwi, lakini wapo wanaoandika ukurasa wao na kumpa mteja. Na wewe andika wako kwa Kiswahili, ubandike stoo, uwasomee vijana. Dalili moja tunayoambiwa tuiangalie: mishahara ya watu kadhaa kuingia akaunti moja.

Ostadh_Makorora

Mshahara wa binti ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla urithi haujagawanywa. Msimamizi wa mirathi analijua hilo. Mwambie kwa upole, mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

BiStoo_Ngamiani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Dalali nimeshampigia, nimemkatalia. Nitaajiri wawili wa hapahapa Ngamiani, wanaolala kwao.

Kesho asubuhi naanza ustawi wa jamii. Mrithi nimemwambia sigusi hata kijiko mpaka suala la binti lishughulikiwe. Kachukia, na huenda kazi akampa mwingine. Kama kuna aliyewahi kumdaia mfanyakazi wa ndani mshahara kutoka kwenye mirathi, naomba aniandikie: miaka yote ile inathibitishwaje bila mkataba? Jirani mmoja wa Chumbageni anasema yuko tayari kutoa ushahidi.