Yule fundi umeme wa chini ya mwarobaini kanipa 500 nipande daladala. MIA TANO!

Mzee wa 109:
Wakuu, nimeshuka daladala sasa hivi na mikono bado inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Fundi simtaji. Ni yule anayevaa kofia ya sufu jua la saa saba. Kila mwenye gari kuukuu hapa Arusha ameshaacha hela pale, mnamjua.

Nimempelekea Land Rover 109 ya marehemu baba, Series III ya 1978, iliyoingia kwenye tamasha la Land Rover la 2024 (ilisukumwa, lakini iliingia). Betri inalala nzima, inaamka maiti. Injini ikiunguruma mita inasoma volti 12.1, haipandi.

Jamaa hana mita. Mita yake ni kidole na mate. Kagusa huku, kagusa kule, karusha waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye alteneta, ile inayochaji betri. Nikapima mwenyewe: 14.2! Angeishia hapo ningemnunulia kreti ya soda.

Sasa akataka kunionyesha ubingwa. Gari linawaka, kachomoa terminali ya betri. KACHOMOA. "Mzee ona, halizimi!" Taa zikamulika mpaka nadhani KIA walijiandaa kupokea ndege. Halafu pu! Harufu ya plastiki, gari kimya, redio ya baba nayo kwaheri.

Nikasubiri pole. Kafuta mikono kwenye kitambaa cha siti YANGU, kaingiza mkono mfukoni, katoa sarafu ya 500, ile ya nyati: "Shika mzee wangu, upande daladala. Hiki chuma kipeleke makumbusho ya Azimio."

Mbele ya mama ntilie! Mbele ya bodaboda wote! Nina miaka 58 mimi. Mia tano!

Chalii wa Kijenge:
Nimeshachukua siti ya mbele. Mkuu, hiyo 500 uliipokea au hukuipokea?

Mzee wa 109:
Niliipokea kwa hasira.

Chalii wa Kijenge:
"Kwa hasira" 😂😂😂

Waya Mwekundu:
Mkuu, ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, ile taa nyekundu ya chaji ilikuwa inawaka? Kama haiwaki, balbu yake imeungua. Alteneta za Lucas za hizo gari, moto wa kuiamsha unapitia kwenye hiyo balbu. Yaani ulihitaji kibalbu cha wati 2 tu. Sasa daiodi za alteneta ndiyo zimekwenda. Kuchomoa betri gari likiwaka ni mambo ya enzi za dainamo.

Mzee wa 109:
Ilikuwa haiwaki tangu Pasaka, nikajua ndiyo afya njema. Lakini hoja hapa siyo balbu. Hoja ni MIA TANO.

Mama Junior:
Afadhali wewe umepewa, fundi wangu kila akiniona anaomba ya vocha. Kwenye Peugeot 504 yangu kafunga waya wa asi (unaorudisha umeme kwenye bodi) juu ya boliti yenye rangi na kutu. Nikikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka. Pale mataa ya Sanawari kila mtu anadhani namsalimia.

Kibo Side:
500 haifiki nauli. Ulishukia wapi?

Mzee wa 109:
Konda kanishusha kabla ya kituo changu. Pochi ilibaki kwenye gari na nilishaondoka kwa hasira, ningerudije?

Chalii wa Kijenge:
Nakufa mimi 😂😂

Kibo Side:
Njooni Moshi mtengenezewe magari. Huyo fundi wenu tulimfukuza huku.

Mama Junior:
Moshi mna magari, au mikungu ya ndizi yenye matairi?

Chalii wa Kijenge:
Halafu huyo mama ntilie aliyeshuhudia, ndiye yule wa loshoro?

Mzee wa 109:
Ndiye. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Kibo Side:
Loshoro nayo chakula? Siku mkila machalari yetu ya ndizi mtaacha utani.

Mama Junior:
Usituletee machalari. Loshoro ya yule mama, ikifika saa saba masufuria yameshaoshwa.

Waya Mwekundu:
Saa sita na nusu, siku za Jumamosi. Nimekosa mara mbili.

Mzee wa 109:
Wakuu, gari bado liko kwake.

Chalii wa Kijenge:
Kesho unalifuata? Pitia kwa yule mama kabla ya saa sita, niwekee sahani moja. Hela nakutumia, najua 500 umeshapandia.