Mama ameshona sura ya mwisho: naomba msaada kwa wasomaji wa Bwana Msa

BintiShangani (Mtwara)

Habari za jioni, ndugu wasomaji. Mama yangu ni muuguzi mstaafu anayeishi Lindi, nami ninafanya kazi hapa Mtwara mjini. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi uliopita alinikabidhi nakala kuukuu ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, akasema kwamba nimeikodolea simu macho vya kutosha na sasa ni zamu ya Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za mwandishi huyo. Nilipoifungua nyumbani nilikuta kurasa za sura ya mwisho zimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi, mishono saba iliyolingana kama ya kidonda kilichoshonwa na mtu asiye na haraka. Nikampigia simu. Alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba uzi haukatwi mpaka nimtajie mhalifu ni nani na kwa nini ametenda.

Sharti hilo lina asili yake. Zamani, kabla Daraja la Mkapa halijazinduliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika gari liliweza kukwama kwa siku kadhaa. Katika ngojangoja hizo Mama aliazimwa kitabu hicho na abiria wa gari jingine, akakisoma chini ya mwembe hadi ikabaki sura moja, ndipo zamu ya gari la mwenye kitabu ikafika na kitabu kikavuka bila yeye. Anasema kwamba alimtambua mhalifu kwa kufikiri tu, kabla basi halijafika Nangurukuru, na alipopata nakala nyingine miaka miwili baadaye alikuta hakukosea. Tangu hapo anaamini kwamba kila mwenye akili timamu anaweza kufanya hivyo hivyo, na binti yake zaidi.

Mimi nilikosea. Niliruhusiwa kukata uzi baada ya majaribio matatu, kwa huruma. Sasa amenitumia *Siri ya Sifuri* kwa kumpa kondakta wa basi, nayo imeshonwa, na kila jioni baada ya magharibi simu inalia: "Umefika wapi?" Nakiri kwamba muda mrefu sijafurahia kitabu kiasi hiki, nakisoma barazani huku chai inapoa, na ajabu ni kwamba habari za kifo zinanipa utulivu kuliko taarifa ya habari.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, kuna ulazima wa kuvisoma vitabu hivi kwa mpangilio wa miaka? Na je, msomaji wa kawaida amtegeeje sikio Bwana Msa ili amtangulie walau mara moja?

MwalimuWaMikindani

Binti yangu, mpe salamu mama yako; ningefurahi kumpata mwanafunzi mmoja tu wa namna yake katika miaka yote niliyofundisha.

Kuhusu mpangilio, kila kisa kinajitegemea, kwa hiyo hujaharibu kitu kwa kuruka. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapishwa mwaka 1960. *Kisima cha Giningi* kilifuata mwaka 1968, kisha *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973 na hicho ulichonacho mwaka 1974. Baada ya hapo vilitoka *Mke Mmoja Waume Watatu* na *Mwana wa Yungi Hulewa*. Ninakuomba jambo moja tu, kwamba *Kosa la Bwana Msa* cha mwaka 1984 ukiweke mwisho. Jina lenyewe linatangaza kwamba mtu huyu amekosea, na kosa la mtu halina ladha kwa msomaji ambaye hajazoea kumwona akipatia.

Kuhusu utulivu unaousema, nami nimeufikiria sana. Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa magazeti, likiwemo *Mkulima*, na nadhani alijifunza huko kwamba watu husema mengi kuliko wanavyokusudia. Katika hadithi zake damu imekwisha kumwagika kabla hatujafika, au inamwagika pembeni, na kinachobaki ni mazungumzo. Bwana Msa anavuta kiko, rafiki yake Najum anauliza maswali ambayo sisi tungeuliza, Inspekta Seif wa polisi ana haraka ya kumkamata mtu, nasi tumeketi barazani pamoja nao. Tazama pia namna Bwana Msa anavyoushughulikia ule mzimu wa kitabu cha kwanza. Maiti imeonekana mahali panapoogopwa, na watu wako tayari kuwatwika mizimu lawama. Bwana Msa hawadharau wanaoamini, bali anauliza tu kila mtu alikuwa wapi na nani alimwona. Huku kwetu, ambako hakosekani jirani anayejua mbuyu usiopitiwa saa sita mchana, swali hilo la kawaida lina uzito wake.

Ushauri wangu ni kwamba usimfuate mtu anayeficha, kwa sababu karibu kila mmoja anaficha jambo. Mfuate anayetoa maelezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Kijana_wa_Chuno

Mwalimu, shikamoo. Naomba kupingana kidogo kwa heshima. Mimi nililelewa na baba aliyekuwa na Willy Gamba kabatini, kuanzia *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, ambamo mpelelezi anapanda ndege, anapigana na anafyatua bastola, na msomaji hashindanishwi na mtu. Nilipojaribu vitabu vya Bwana Msa niliona kwamba mzee yule anabana mambo kifuani. Anaokota kitu, anatabasamu, anawasha kiko, kisha anatueleza mwishoni kilikuwa na maana gani. Huo si mchezo wa haki kwa mtu aliyeshonewa kitabu. Dada, kama Mama anakudai jina la mhalifu, basi mdai nawe akuruhusu kuuliza maswali matatu ya ndiyo au hapana.

MamaSalma_Lindi

Mwanangu wa Chuno, marahaba ya Mwalimu nimeichukua mimi, maana amekaa kimya.

Unalosema lina ukweli, lakini umeangalia mikono ya Bwana Msa na hukuangalia nasaba za watu. Katika hadithi hizi jambo zito mara nyingi limefichwa katika ukoo na ndoa: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani na kwa siri gani, nani anarithi. Mimi husoma na daftari. Ukurasa wa kushoto naandika mtu na jamaa zake, wa kulia naandika aliyeyasema hayo, kwa sababu nimegundua kwamba ukoo ukisimuliwa na watu wawili haufanani. Penye tofauti ndipo ninaporudi kusoma mara ya pili, polepole, kama ninavyochambua mchele. Nimepatia mara mbili katika vitabu vinne, na mume wangu hajapatia hata mara moja, ingawa ana maoni mengi.

Ukivimaliza hivi na Kiingereza hakikupi shida, mtafute Precious Ramotswe wa Alexander McCall Smith, mfululizo ulioanza mwaka 1998. Ni mwanamama mpelelezi wa Gaborone, Botswana, aliyefungua ofisi yake kwa fedha za ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake, anaendesha gari dogo jeupe, na anayamaliza mengi kwa chai na subira. Lakini kavimalize hivi kwanza. Mama yako hatafurahi kusikia umehamia Botswana uzi haujakatwa.

BintiShangani (Mtwara)

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, *Kosa la Bwana Msa* nitakiweka mwisho kama ulivyoniomba. Nilinunua daftari, nikaanza upya kwa njia ya MamaSalma, na kufikia juzi ukurasa wa kushoto ulikuwa umejaa mishale hadi nikaongeza karatasi. Ule ushauri wa maswali matatu niliupeleka kwa Mama, akacheka sana, kisha akasema kwamba pale Ndundu hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Jana usiku nilimpigia mimi kabla hajanipigia. Nilimtajia jina, nikamweleza sababu kwa dakika kama kumi, nikataja na kurasa. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema: "Mtu umempata. Sababu siyo hiyo. Uzi usiuguse."

Kwa hiyo nimerudi ukurasa wa kwanza, na mkasi nimempa jirani anitunzie.