Napanda meli ya kitalii peke yangu: ziara zipi nichukue za meli, zipi niende mwenyewe?

Upepo_Mwanana

Habari zenu wakuu. Mwezi wa 9 napanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, usiku 7, na naenda peke yangu. Rafiki niliyepanga naye amebanwa na kazi, nami nimeona nikiendelea kusubiri watu sitaenda kamwe. Tunaanzia Piraeus (bandari ya Athens, Ugiriki), halafu Kuşadası ya Uturuki, kisiwa cha Santorini, siku moja baharini, Kotor ya Montenegro, siku nyingine baharini, Napoli ya Italia, na tunashukia Civitavecchia, bandari ya Roma.

Kinachoninyima usingizi ni ziara za nchi kavu. Orodha niliyotumiwa na kampuni ya meli ni ndefu, na kila ziara imesifiwa kana kwamba ndiyo hiyo hiyo ya kuchukua. Nimepata pia waongozaji binafsi wa huko bandarini, lakini wengi wanakodisha gari zima, na mimi ni kichwa kimoja. Wengine wameandika kabisa: kuanzia watu wawili.

Napenda kutazama vitu taratibu. Goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi. Ila hofu yangu kubwa ni kuachwa na meli mahali nisipo na mtu hata mmoja wa kumwambia "nenda uwaambie wanisubiri." Mliosafiri peke yenu, mnachaguaje?

Bi_Nanga

Mdogo wangu, hongera kwa kutoahirisha. Nina miaka 63, na tangu mume wangu afariki nimesafiri hivi mara tano, zote peke yangu. Bandari zako zote hizo nimeshuka, Napoli mara mbili.

Watu wengi huanza kwa kutazama vivutio. Wewe anza kwa kutazama meli itasimama wapi. Kisha jiulize: chombo kilichonipeleka kikiharibika, nitarudi na nini? Wakisafiri wawili, mmoja akichelewa mwenzake anakimbia mbele kutoa taarifa. Wewe huna wa kumtuma. Kwa hiyo palipo mbali, au palipo na njia moja tu ya kurudi, mimi nalipia ziara ya meli bila kujadiliana na moyo wangu. Palipo na gati mlangoni mwa mji, naenda kwa miguu yangu.

Hili nilijifunza Santorini. Meli haifungwi gatini pale. Inasimama katikati ya ghuba iliyoachwa na volkano, na abiria mnashushwa kwa boti. Wenye ziara ya meli walitangulia, wakapelekwa bandari ya Athinios ambako mabasi yalikuwa yanawangoja. Mimi nilipewa namba, nikakaa ukumbini saa moja na nusu nikisikiliza namba za wenzangu zikiitwa. Boti yangu ikatushusha bandari ya zamani, chini kabisa ya mji wa Fira. Kupanda juu kuna njia tatu: kigari cha kebo, punda, au ngazi, na ngazi zenyewe ni zaidi ya 500. Nilipanda kwa kebo, nikachukua basi la abiria hadi kijiji cha Oia, nikakaa kwenye ukuta mfupi nikitazama bahari mpaka roho ikatulia. Hadi hapo nilijiona nimepatia.

Nimerudi Fira saa 9 na nusu alasiri, nakuta foleni ya kebo imetoka kituoni, imepinda kona, imeshika kichochoro chote. Siku hiyo meli nne zilikuwa ghubani, na wote tulitaka kushuka saa ile ile. Boti yetu ya mwisho ilikuwa saa 10 na nusu. Nikaamua kushuka kwa ngazi.

Mawe ya zile ngazi yamesuguliwa na kwato miaka na miaka mpaka yanang'aa, na juu yake kuna kinyesi kibichi cha punda. Punda wakikutana nawe wanapanda kwa kundi na kuchukua njia nzima. Unajibana ukutani mpaka wapite, na jasho lao linakubakia mkononi. Nilishuka nimeshika ukuta mwanzo hadi mwisho. Chini nilifika magoti yanatetemeka na viganja vimechubuka, nikapata boti moja kabla ya ile ya mwisho. Sikuumia. Ila katikati ya zile ngazi niliteleza mguu mmoja, nikasimama, nikawaza: nikianguka hapa, hakuna anayejua jina langu wala meli yangu. Wazo hilo sijalisahau.

Kwa goti lako, Santorini chukua ya meli, halafu uwaulize swali moja kabla hujalipa: tunarudije chini? Nyingi ya ziara hizo huwaachia Fira, kila mtu ashuke kwa wakati wake, na foleni ya kebo ni ile ile kwa wote. Uwe kwenye foleni saa mbili kabla ya boti ya mwisho, hata kama hujamaliza kupiga picha.

Kuşadası nako chukua ziara ya meli. Magofu ya Efeso yako kilomita 20 hivi kutoka gatini, na yana mageti mawili. Kundi linashushwa geti la juu, linateremka taratibu barabara ya marumaru, linapita Maktaba ya Celsus na ule uwanja mkubwa wa maonyesho, kisha linatokea geti la chini ambako basi limezunguka kuwapokea. Ukienda kwa teksi lazima umwamini dereva kwamba utamkuta upande wa pili. Wengi ni waaminifu, ila akili yako nusu itabaki kwenye teksi. Vaa viatu vya soli inayoshika, marumaru ile inateleza hata ikiwa kavu.

Pompeii, ule mji wa kale wa Kirumi karibu na Napoli, ndiyo nina neno nayo. Mara ya kwanza nilienda na kundi la meli, tulijaza basi zima. Kila mmoja alipewa kifaa cha sikioni cha kumsikia kiongozi. Tukapita kwenye nyumba moja, mlangoni sakafuni kuna picha ya mbwa mweusi aliyefungwa mnyororo, imepangwa kwa vipande vidogo vidogo vya mawe, na chini yake onyo la Kilatini kwamba jihadhari na mbwa. Nikainama. Nilitaka kuona yule fundi alivyoligeuza jicho. Sauti ya sikioni ikaanza kukwaruza, ikakatika, ikarudi kidogo, ikakatika kabisa. Kuinua kichwa, kundi limeshapinda. Nilikimbia kuwatafuta kwenye mitaa ya mji uliozikwa na volkano mwaka 79 BK, na mitaa yote ilionekana sawa. Nikawapata, ila kutoka hapo sikutazama kitu kingine zaidi ya kile kibao cha namba alichobeba kiongozi.

Mara ya pili nilienda mwenyewe. Meli inafunga katikati ya jiji la Napoli. Nikachukua metro hadi stesheni ya Garibaldi, kisha treni ya Circumvesuviana hadi kituo cha Pompei Scavi, safari ya nusu saa na ushee. Ukishuka, geti la Porta Marina liko hatua chache tu. Mkoba weka kifuani, maana treni hujaa na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri. Nilitoka Pompeii saa nne kabla ya muda wa mwisho wa kupanda melini, ili hata treni mbili zikikosekana nisiwe na wasiwasi. Na yule mbwa nilimtazama nilivyotaka.

Kitu kingine, upweke. Basi la ziara limejaa wawili wawili. Mimi hukaa kiti cha mbele kabisa, karibu na kiongozi. Anakukumbuka uso, anakuhesabu, na mara nyingi anakuongelesha. Meli nyingi pia huweka mkutano wa wanaosafiri peke yao, siku ya kwanza au ya pili. Utauona kwenye ratiba ya siku. Usiudharau. Hapo ndipo utapata wa kugawana naye gari lile la watu wawili. Siku hizi kampuni zimeanza kutuona: meli ya Norwegian Epic ilipoanza safari mwaka 2010 ilikuwa na vyumba 128 vya mtu mmoja pamoja na sebule yao wenyewe.

Zamu_ya_Usiku

Nimefanya kazi miaka minne dawati la ziara kwenye meli mbili tofauti. Bi Nanga amesema kweli tupu, naongeza machache.

Basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri, na ikishindikana kampuni inawapeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Aliyeenda mwenyewe hasubiriwi hivyo. Muda ukifika na kadi yako ya meli haijasomwa getini, jina lako linatangazwa, kisha mara nyingi wanakwenda chumbani kwako kutafuta pasipoti, wanamwachia wakala wa meli pale bandarini. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kushuka, piga picha ile ratiba ya siku. Ina muda wa mwisho wa kupanda na namba ya simu ya wakala. Wakiwa wawili mmoja husahau mwenzake akakumbuka. Wewe simu yako ndiyo mwenzako.

Angalia na saa. Kiangazi Uturuki na Ugiriki saa zao ni sawa, lakini Montenegro na Italia ziko nyuma saa moja. Simu inaweza kujibadilisha yenyewe wakati meli bado haijabadilisha, au kinyume chake. Inayohesabika ni saa ya meli. Vaa ya mkononi, uifuate hiyo tu.

Ziara za meli zinalipiwa kwa kichwa, kwa hiyo wewe huongezewi kitu kwa kuwa peke yako. Isipokuwa zile za gari binafsi, hizo ni kwa gari. Kayaki (mitumbwi midogo ya kupiga kasia) za viti viwili utapangiwa mtu usiyemjua au kiongozi mwenyewe; kama hutaki, sema mapema. Na Santorini bahari ikichafuka boti hazishuki, bandari inarukwa. Ziara ya meli unarudishiwa fedha yako bila kuomba. Ya nje, soma masharti yao kabla hujatoa hata shilingi.

Kuhusu goti: kila ziara ina alama ya ugumu. Usiiamini peke yake. Njoo dawatini uulize ngazi ni ngapi za kushuka. Sisi tulikuwa tunajua, ila watu walikuwa hawaulizi.

Mkoba_Mmoja

Mimi napingana kidogo. Ukilipia ya meli kila bandari, utaona mgongo wa mtu aliye mbele yako wiki nzima. Kotor usithubutu kupanda basi. Meli ikifungwa gatini, ukuta wa mji wa kale uko ng'ambo ya barabara. Unazurura, ukichoka unarudi melini kupumzika, unashuka tena. Ngome ya juu mlimani ina ngazi kama 1,350, hiyo iache kwa goti lako, maana kupanda utaweza ila kushuka ndiko kutakukumbusha. Badala yake tafuta boti ya kwenda Perast na kile kisiwa chenye kanisa la Mama Yetu wa Mwambani. Wanauza kiti, hawauzi boti nzima.

Na siku hiyo amka alfajiri. Kuingia kwa meli Kotor ni ziara yenyewe. Inapenya mlangobahari wa Verige, upana wake mita 340 hivi tu, milima pande zote. Watu wamelala vyumbani wakati huo. Nilikuwa juu kwenye sitaha na watu hawazidi kumi, tumenyamaza wote, unasikia kengele ya kanisa kutoka nchi kavu.

Upepo_Mwanana

Jamani, asanteni. Nimesoma mara mbili nikiwa na kalamu. Efeso na Santorini nachukua za meli, Kotor naenda mwenyewe. Napoli ndiko bado nimesimama njia panda. Bi Nanga, treni ikigoma siku hiyo nafanyaje? Nimesikia migomo ya treni Italia si jambo geni.

Bi_Nanga

Si geni kweli, na kwa kawaida hutangazwa mapema, kwa hiyo ulizia siku mbili kabla ukiwa baharini. Ikigoma, usilazimishe Pompeii kwa teksi na haraka. Nenda Makumbusho ya Akiolojia palepale Napoli. Ile picha kubwa ya vipande vya mawe ya vita vya Aleksanda Mkuu, iliyotolewa Pompeii kwenye nyumba ya Fauno, imehifadhiwa huko. Kuna farasi mmoja amegeuka, unamwona kwa nyuma, na askari aliyeanguka anajiona uso wake kwenye ngao inayong'aa. Simama hapo kadiri utakavyo. Hakuna sauti itakayokatika sikioni.

Na Santorini, tafadhali, saa mbili kabla. Ukishafika chini salama, uje uniandikie hapa.